Laibrari haipo, au mpakizi hajaiona?

Kuna kauli moja imeenea kwenye makundi ya mafundi wa kompyuta, Unguja na Pemba: "Sevisi haiwaki, laibrari haipo." Utaisikia kwa fundi wa hoteli ya Nungwi, utaisikia kwa mwalimu anayetunza seva ya skuli Chake Chake, na jibu lake karibu ni lile lile kila mara. Anatokea msamaria mwema, anachomoa faili lenye jina hilo kwenye mashine yake, analirusha kundini pamoja na sauti fupi: "Liweke hili, kisha washa tena." Muulizaji analiweka. Pengine sevisi inawaka. Mara nyingi zaidi linazuka kosa jengine, na mashine iliyokuwa na tatizo moja sasa ina mawili.

Maana yenyewe ni fupi. Laibrari ya pamoja ni faili la msimbo uliokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ambalo programu nyingi hulitumia kwa ushirika badala ya kila moja kubeba nakala yake. Kwenye Linux utalitambua kwa ".so" katika jina lake. Sevisi nayo ni programu inayowashwa na kulindwa na mfumo wenyewe, si na mtu aliyekaa mbele ya kioo. Kwenye Linux nyingi za leo mlinzi huyo ni systemd. Hayo tumemaliza. Kinachonikera ni hilo neno "haipo".

Unapoiwasha programu, haianzi yenyewe moja kwa moja. Kiini cha mfumo (kernel) hufungua faili la programu, kikasoma ndani yake jina la programu nyengine ndogo, kwa kawaida ld.so, kisha kikaikabidhi kazi. Hii ndogo nitaiita mpakizi, maana kazi yake ni kupakia. Mpakizi husoma orodha ya laibrari ambazo programu inazihitaji, akazitafuta moja moja, akaziweka kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM), akaunganisha majina na mahali pake. Akishamaliza ndipo programu inapopewa nafasi. Ikikosekana moja tu, anaandika mstari mmoja na kuondoka na namba ya kosa 127:

error while loading shared libraries: libpq.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory

Kwa maana hiyo, sevisi iliyokwama hapa haikufa, kwani haijapata kuzaliwa. Hata mstari wa kwanza wa msimbo wake haujakimbia. Ndiyo maana faili ambamo programu huandika khabari zake (log) liko tupu, na ndiyo maana mtu anayeshinda asubuhi nzima akibadilisha mipangilio, nywila ya kanzidata au namba ya bandari anajichosha bure: hakuna aliyeisoma mipangilio hiyo bado. Mstari wenye khabari unaupata kwa journalctl -u na jina la sevisi, amri ya kusoma khabari zilizoandikwa na systemd, na inabidi upande juu. Watu hupiga picha mstari wa mwisho kabisa, ule ambao systemd inasema maombi ya kuwasha yamerudiwa haraka mno. Huo si ugonjwa. Kwa mpangilio wa kawaida, sevisi ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na zote zikashindwa, systemd huacha kujaribu. Mstari tunaoutaka uko kabla ya hapo.

Na hiyo 127 msiichanganye na 203/EXEC. Ya pili ni systemd yenyewe imeshindwa kuikimbiza programu: njia imekosewa kwenye faili la sevisi, ruhusa ya kukimbia haipo, au huyo mpakizi aliyetajwa ndani ya programu hayupo kwenye mashine. Kwenye 203 laibrari hazijaanza hata kutafutwa.

Sasa usome tena ule mstari mrefu. Unasema faili halikuweza kufunguliwa, halikuonekana. Kuonekana na nani? Na mpakizi. Kutoka wapi? Kutoka kwenye sehemu chache anazozijua yeye. Hausemi popote kwamba diski nzima imepekuliwa, na haijapekuliwa kweli. Mpakizi anapita njia yake kwa mpango: anatazama njia zilizoandikwa ndani ya programu, anatazama kigeugeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo programu hupewa inapowashwa) kiitwacho LD_LIBRARY_PATH kama kimewekwa, anafungua daftari la /etc/ld.so.cache, kisha anamalizia na /lib na /usr/lib au ndugu zao za biti 64. Basi. Laibrari inaweza kuwa imekaa /opt au /home, nzima, ya toleo sahihi, na yeye akaapa hajapata kuiona.

Lile daftari ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo lifikirie kama daftari la sheha. Mtu anaweza kuwa amehamia shehia yako, amepanga nyumba, anapika na kulala, lakini kama hajaandikishwa, akiulizwa kwa sheha jibu litakuwa hajulikani. Kuandikisha kwenyewe ni amri ya ldconfig, ukiwa na mamlaka ya juu. Inapita kwenye saraka zilizotajwa katika /etc/ld.so.conf na mafaili ya /etc/ld.so.conf.d, inaandika upya daftari, na ukitaka kulisoma unaandika ldconfig -p. Mtu aliyejenga programu mwenyewe kwa make install huwa ameweka laibrari zake /usr/local/lib. Kwenye Ubuntu, aina moja ya Linux, saraka hiyo tayari imo kwenye orodha, kwa hiyo ldconfig moja inatosha. Kwenye Rocky na jamaa zake wa ukoo wa Red Hat haimo, na unaweza kuipiga ldconfig mpaka magharibi bila mabadiliko yoyote, kwa sababu hujaiambia ipite huko.

Kisha kuna lile linalowafanya watu waseme seva ina shetani: "Nikiiwasha kwa mkono inakubali, nikiiwasha kwa systemctl, amri ya systemd, inakataa." Hapa ndipo kosa la kusema "haipo" linapoonekana wazi, maana kitu kisichokuwepo kingekataa kote kuwili. Tuchukue programu ya mapokezi ya hoteli, iliyokuja na laibrari zake ndani ya /opt/mapokezi/lib. Aliyeisakinisha aliongeza mstari wa LD_LIBRARY_PATH kwenye .bashrc yake, akajaribu, ikawaka, akaondoka. Lakini .bashrc ni faili la mipangilio linalosomwa na ganda (shell) la mtu anayeingia kwa jina lake. systemd haiisomi, wala haina sababu ya kuisoma. Inaiwasha sevisi katika mazingira yake, kwa mtumiaji wake, bila kujua fundi aliandika nini nyumbani kwake.

Na ldd, amri ya kuorodhesha laibrari za programu, haitakuokoa hapa ukiitumia kwa papara. Ukiipiga kwenye terminali yako itakuonesha kila laibrari imepatikana, kwa sababu inajibu kwa mazingira yako wewe. Swali letu ni la sevisi, siyo lako. Njia ninayoipenda mimi ni kumfanya mpakizi ajieleze mwenyewe: systemctl edit na jina la sevisi, chini ya sehemu ya Service ongeza Environment=LD_DEBUG=libs, hifadhi, washa, kisha fungua journalctl. Atakumwagia kila njia aliyojaribu, laibrari moja baada ya nyengine. Maneno ni mengi, lakini humo hamna kubahatisha. Ukishaona, ondoa mstari huo, la sivyo journalctl yote itajaa porojo zake.

Dawa ya hoteli yetu ni kuweka Environment=LD_LIBRARY_PATH=/opt/mapokezi/lib kwenye faili la sevisi hiyo hiyo. Wapo wanaopendelea kuiandikisha /opt/mapokezi/lib kwenye ld.so.conf.d ili "iishe moja kwa moja". Mimi siishauri. Programu za aina hii mara nyingi huja na nakala zao za laibrari za kawaida, kama libstdc++ au libssl, na ukiziingiza kwenye daftari la wote, programu nyengine zisizohusika zinaweza kuanza kuzichukua hizo. Leo umeponya mapokezi, kesho imeanguka sevisi ya chapa na hakuna anayekumbuka kilichobadilishwa.

Jambo moja dogo lenye kuudhi: ukiipa programu uwezo kwa setcap, tuseme ili iweze kusikiliza bandari ya 443 bila kuwa mkuu wa mfumo, mpakizi huacha kabisa kuitazama LD_LIBRARY_PATH. Ni ulinzi, asije mtu akampenyezea laibrari yake chafu. Kwa sevisi, tumia AmbientCapabilities ndani ya faili la systemd badala ya setcap, na njia yako itaendelea kusomwa. Vile vile, kama laibrari iko chini ya /home na faili la sevisi lina ProtectHome=yes, basi kwa sevisi hiyo /home ni tupu. Wewe unaiona, mkuu wa mfumo anaiona, sevisi haioni kitu.

Kuna na hili la umeme. Umeme umekatika, umerudi, seva imewaka, sevisi imegoma kwa kosa la laibrari, na hukumu inatoka hapo hapo: umeme umeila laibrari. Diski kuharibika kwa kukatika umeme kupo, sikatai. Lakini kisa cha kawaida ni kingine. Sevisi iliyokwisha kuwaka imeshaziweka laibrari zake kwenye kumbukumbu, na Linux inakubali faili lifutwe kwenye diski huku programu inayolitumia ikiendelea kulishika. Mtu anasasisha mfumo, laibrari ya zamani inaondoka, sevisi inaendelea kufanya kazi kama hakuna kilichotokea. Ukitazama faili la maps la programu hiyo ndani ya /proc, utaliona jina la laibrari likiwa na neno deleted pembeni. Hali inaweza kukaa hivyo wiki nyingi. Siku mashine ikizimika, kwa umeme au kwa kidole cha mtu, mpakizi analazimika kutafuta upya, na hapo ndipo deni la zamani linapodaiwa. Umeme umesingiziwa tu. Tazama /var/log/apt/history.log, au dnf history kwa wa ukoo wa Red Hat, uone nini kiliondolewa na lini.

Iko pia hali ambayo neno "haipo" ni uongo mtupu: pale ujumbe unapoitaja libc.so.6, laibrari ya msingi ya lugha ya C itokayo kwenye glibc, na kusema toleo GLIBC_2.34 halikupatikana. Soma vizuri. Laibrari imepatikana, imefunguliwa, imesomwa. Kinachokosekana ni toleo la kiwango hicho ndani yake. Ndiyo hali ya programu iliyojengwa kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, ikapelekwa kukimbia kwenye 20.04 yenye 2.31. Hapa usiruhusu mtu yeyote akutumie libc.so.6. Karibu kila amri kwenye mashine, hata ls na cp, inaitegemea; ukiibandika isiyolingana unaweza kukosa hata amri ya kurudisha ya zamani. Ama uipandishe Ubuntu yenyewe, ama programu ijengwe upya kwenye mfumo wa zamani.

Na hiyo sita si alama ya uzee. Nimeshaulizwa kwa nini seva mpya bado ina libc ya 6, na kama ipo ya 7. Linux ya mwanzo ilitumia laibrari yake ya C iliyofika libc.so.5, ilipohamia glibc 2, iliyotoka 1997, mpya ikapewa namba inayofuata, na tangu hapo haijabadilika, kwa sababu glibc huongeza matoleo ndani ya jina lile lile bila kuzivunja programu za zamani. Namba iliyo mwishoni mwa jina ni ahadi ya mapatano kati ya laibrari na programu. Mapatano yakivunjika, namba inabadilika. Ndiyo maana OpenSSL 3.0, programu ya usimbaji yenye laibrari ya libssl, ilipotoka Septemba 2021, libssl.so.1.1 iliondoka ikaja libssl.so.3, na Ubuntu 22.04 ikaja bila ile ya zamani. Programu nyingi ziligoma. Dawa ya mitaani ikawa kutengeneza kiungo kinachoita libssl.so.3 kwa jina la libssl.so.1.1. Mpakizi hadanganyiki kirahisi hivyo: atalifungua faili, kisha atasema toleo OPENSSL_1_1_0 au OPENSSL_1_1_1 halimo. Umebadilisha jina la kosa tu.

Basi ndugu zangu wa makundini, mkikwama tena, andikeni "mpakizi hajaiona libpq.so.5", au jina lolote liwalo, na muweke mstari wote kama ulivyotoka kwenye journalctl, toleo la mfumo, na mtumiaji ambaye sevisi inakimbia kwa jina lake. Nanyi wenye moyo wa kusaidia, kabla ya kurusha faili, muulizeni kwanza mpakizi ametafuta wapi.