Ukuta mrefu unamlinda nani?

Mteja mwenye kiwanja Goba au Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, akija kwangu, mara nyingi haanzi na idadi ya vyumba. Anaanza na ukuta: uwe futi ngapi, juu iwekwe seng'enge ya wembe au waya wa umeme, geti liwe la bati zima ili mpita njia asione ndani. Nyumba yenyewe haijachorwa bado. Mimi ni msanifu majengo, na swali la kama ukuta mrefu unamzuia mwizi nimelijibu kwa mdomo hadi nimeona bora niliandike.

Ubunifu wa nyumba unaweza kupunguza wizi, na ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Uholanzi. Tangu mwaka 1999, kanuni za ujenzi za nchi hiyo zinataka kila nyumba mpya iwe na milango na madirisha yanayoweza kumhimili mvunjaji. Watafiti Ben Vollaard na Jan van Ours walifuatilia matokeo: uwezekano wa nyumba mpya kuvunjwa ndani ya mwaka ulishuka kutoka asilimia 1.1 hadi 0.8, pungufu ya kama robo hivi. Wengi hudhani mwizi akizuiwa hapa atahamia kwa jirani mwenye mlango dhaifu. Kule hawakuona dalili kwamba nyumba za zamani ziliibiwa zaidi.

Tazama walichogusa ni nini. Ni mlango na dirisha, basi. Kwetu hapo ndipo tunapobana fedha. Mtu anamaliza mamilioni kwenye uzio, halafu mlango wa jikoni unakuwa ule mwepesi kuliko yote, kitasa ni cha bei ya chini kabisa dukani, na skrubu za bawaba fundi amezipigilia kwa nyundo badala ya kuzikaza. Nimeona fremu zinazoshikiliwa na plasta tu. Teke moja, na mlango umelala chini pamoja na fremu yake.

Ukuta nao una tabia ambayo wateja hawapendi kuisikia. Watafiti waliowahoji wezi wa majumbani huko Uingereza na Marekani walisikia mambo yanayofanana: mwizi hutaka kujua kama kuna mtu ndani, kama kuna atakayemwona akiingia, na atatokea wapi mambo yakiharibika. Ukuta wa tofali zima unamsumbua dakika chache tu. Akishauruka, unaanza kumlinda yeye. Jirani haoni kitu, mama muuza vitumbua wa njia panda haoni kitu, na kibaka anakata nondo za dirisha bila haraka yoyote. Ndiyo maana napendekeza ukuta mzima uishie kiunoni, kutoka hapo kwenda juu iwe grili au matofali ya matundu, na dirisha la jikoni au sebuleni litazame njia. Jikoni hasa, kwa sababu hakosekani mtu.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila semina. Nyumba ya Mji Mkongwe ina mlango mzito wa mbao ngumu ambao huuvunji kimyakimya, na mbele yake kuna baraza ambapo watu wanakaa tangu alasiri. Mlango imara, na macho mbele ya mlango.

Kwa anayetaka mfano wa kuta zenyewe, upo Tshwane, Afrika Kusini, ambako mitaa mingi imezungushiwa uzio na mageti yenye walinzi. Gregory Breetzke, Karina Landman na Ellen Cohn, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, walikuta maeneo hayo na kandokando yake yanahusishwa na wizi mwingi zaidi wa kuvunja nyumba. Sisemi uzio ndio uliowaita wezi. Penye uzio kuna televisheni kubwa na magari mapya, na mwizi anajua hivyo.

Wala sisemi kila geti ni upuuzi. Liverpool walifunga kwa mageti vichochoro vya nyuma ya nyumba zao za safu, njia ambazo wezi walizitumia kuingilia uani, na wizi wa kuvunja ukapungua kwa takriban asilimia 37 ukilinganisha na maeneo yasiyofungwa. Mbele ya nyumba palibaki wazi, milango na madirisha yakitazama barabara kama zamani. Walichofunga ni mgongo wa nyumba, ambako hakuna mtazamaji.

Hofu ni hesabu nyingine kabisa, haipandi na kushuka pamoja na wizi. Mwaka 2000 Georjeanna Wilson-Doenges alilinganisha mitaa ya California yenye mageti na isiyo na mageti. Kwa matajiri, waliokaa ndani ya geti walijiona salama zaidi, ingawa kiwango halisi cha uhalifu hakikutofautiana na cha wenzao, na ujirani wao ulikuwa umepoa. Kwa watu wa kipato cha chini, geti halikuleta tofauti ya maana hata kwenye hisia.

Na huko aliulizwa mkaazi wa ndani tu. Mimi huwa namfikiria anayepita nje: binti aliyeshuka daladala saa tatu usiku, anakata kichochoro chenye ukuta kulia na ukuta kushoto, bila dirisha hata moja la kuelekezea yowe. Hofu iliyotolewa chumbani imewekwa njiani, na hata mwenye nyumba atakutana nayo siku gari likiwa gereji.

Njiani, taa inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2016 jiji la New York lilichagua kwa bahati nasibu makazi ya umma ya kuwekewa taa kali za nje, na makosa makubwa ya usiku nje ya majengo yakapungua kwa asilimia 36. Taa moja ya sola juu ya geti, ikimulika njia na si ua peke yake, ni bei ndogo sana pembeni ya ukuta.

Jambo la mwisho, kwa walioibiwa tayari. Huko Kirkholt, mtaa wa Rochdale nchini Uingereza, miaka ya 1980 iligundulika kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena. Wakaimarisha vitasa vya waathirika kwanza, wakaondoa mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu, ambazo wezi walizipenda kwa sababu zina fedha taslimu, na wakawaomba majirani wachache wa karibu waiangalie nyumba hiyo. Wizi ulishuka sana. Kwa hiyo ukivunjiwa leo, fundi wa vitasa aje kesho, kabla hujanunua televisheni nyingine. Mjumbe na majirani wa ubavuni nao waambie usiku huohuo, hata kama unaona aibu.