Mtwara hadi Masasi kupitia Newala msimu wa korosho: mteremko ndio kazi

Ukitoka Mtwara mjini kwenda kuwaona wazee Newala, kisha ukateremkia Masasi, unakula kama kilomita 210. Mimi napenda Oktoba. Mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini ya mikorosho, na ukishuka upande wa Masasi miombo imechipua majani mapya ya rangi ya shaba, mvua haijaonja ardhi bado.

Mlima wa njia hii hujificha. Uwanda wa Makonde umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo Nanyamba na Tandahimba unazipita ukipanda bila kuhisi. Newala ndipo ardhi inapokatika ghafla. Simama Shimo la Mungu ulitazame bonde la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo yake; nenda ukungu wa asubuhi ukishainuka.

Huko juu hakuna mito, kwa kuwa mchanga hunywa mvua yote, na maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Beba lita 10 za rejeta, mbali na za kunywa. Mchanga huohuo hunasa gari linalopisha lori la magunia: punguza mwendo kabla tairi za kushoto hazijatoka barabarani. Ukinasa, usikanyage mafuta, tairi zitajichimbia. Shusha abiria, fukua mbele ya tairi, punguza upepo wa tairi hadi psi 20, tandika magunia, toka taratibu. Jaza upepo tena kabla ya kukimbia.

Sasa mteremko wa Newala. Gari likiwa na watu na mizigo, dereva anayeshika breki mfululizo huzipika. Kwanza unasikia harufu kali kama ya mpira unaoungua, halafu pedali inakuwa ngumu lakini gari halisimami: hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikizama hadi chini, ni mafuta ya breki yamechemka na kutoa mapovu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishachakaa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yabadilishe kila miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa.

Ingiza gia ya pili KABLA ya kuanza kushuka. Ya otomatiki weka 2 au L. Injini ilishike gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, achia kabisa, zipate kupoa. Usishuke na frii, yaani gari likiwa nje ya gia, hata kidogo. Mafuta unayodhani unaokoa hayalipi seti ya pedi. Zikinuka, egesha, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri nusu saa, na usizimwagie maji: diski hupinda.

Wenyeji watakukaribisha uraka, pombe ya mabibo. Anayeendesha asiuguse. Na wakikufungia zawadi, omba korosho zilizobanguliwa. Gunia la korosho ghafi kwenye buti litakufanya uhojiwe kama mfanyabiashara wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mfumo rasmi.