Kwa nini kitabu cha kwanza cha picha kilikuwa cha bluu?

Kitabu ambacho wanahistoria wengi hukitaja kuwa cha kwanza kupambwa kwa fotografia kilianza kutolewa Uingereza Oktoba 1843, sehemu kwa sehemu. Kila ukurasa ni umbo jeupe juu ya bluu iliyokolea, na hakuna hata picha moja iliyopigwa kwa kamera. Mtengenezaji wake alikuwa Anna Atkins wa Kent, mwanamke aliyependa elimu ya mimea, na kitabu kizima kilihusu mwani wa Uingereza.

Bluu hiyo hakuichagua kwa urembo. Miaka miwili kabla, mtaalamu William Harvey alikuwa ametoa mwongozo wa mwani wa nchi hiyo, maneno matupu bila michoro. Atkins alijua kuchora vizuri. Alishamchorea baba yake mamia ya makombe ya baharini. Lakini mwani mwingine una nyuzi nyembamba mno, na katika utangulizi wake alieleza kuwa ugumu wa kuchora vitu vidogo hivyo kwa usahihi ndio uliomfanya atafute njia nyingine.

Njia aliipata kwa rafiki wa familia, mwanafalaki John Herschel, aliyevumbua sianotipi, njia ya kutoa picha za bluu kwa mwanga wa jua, mwaka 1842. Unachanganya chumvi mbili zenye chuma, unapaka kwenye karatasi na kuikausha gizani. Unautandaza mwani juu yake, unaukandamiza kwa kioo, kisha unaweka juani. Palipopigwa na jua kemikali hubadilika kuwa rangi ileile ya bluu ambayo wachoraji walikuwa wakiitumia tangu karne ya 18. Palipozibwa na mwani hapabadiliki, na dawa yake hutoka kwa maji. Maji matupu! Na kwa kuwa mwani wenyewe ulilala juu ya karatasi, picha ilitoka kwa ukubwa halisi wa mmea, na kamera haikuwa na kazi. Hata maelezo ya chini ya picha, yaliyo katika mwandiko wa Atkins mwenyewe, yalichapwa na jua.

Mshindani wake, William Henry Fox Talbot, alitumia chumvi za madini ya fedha badala ya chuma. Kitabu chake, kilichoanza kutoka 1844, kina picha 24 zilizobandikwa kwa mkono: majengo, vyombo vya kauri, ufagio mlangoni. Wapo wanaompa yeye taji la kwanza kwa kuwa chake kiliuzwa madukani, ilhali Atkins aligawia marafiki na taasisi. Kwa maoni yangu tarehe inatosha kumaliza ubishi. Picha za Talbot zilikuwa ghali zaidi, zilidai dawa ya kuzuia zisiendelee kubadilika, na nyingi zilififia. Za Atkins bado zimekolea; nakala aliyopewa Herschel iko katika maktaba ya umma ya New York.

Ila chuma hakikupunguza jasho. Kila picha katika kila nakala ilihitaji jua lake na kuoshwa kwake, na picha zilikaribia 400. Kazi ilimchukua miaka 10, na nakala zinazojulikana leo ni takriban 20 tu. Wachapaji walianza kuweka picha na herufi pamoja katika mashine moja, kwa vitone vidogo vya wino, katika miaka ya 1880. Atkins alikuwa amefariki 1871.