Mdomo Ulioharibiwa na Jua: Protini Zinaeleza Nini Kabla ya Saratani?

Kwa nini mdomo wa chini ndio unaoathirika zaidi?

Umejitokeza mbele na hupigwa na jua moja kwa moja. Takribani saratani 9 kati ya 10 za midomo huanzia hapo. Lakini kabla ya saratani, mara nyingi kwa miaka, mdomo hukauka na kubanduka magamba hata ukipakwa mafuta, hutoka mabaka meupe, na ule mstari unaoutenganisha na ngozi ya uso hufifia. Madaktari huiita hali hii keilaitisi ya jua. Bado si saratani, ila inaweza kugeuka.

Protini zinahusikaje?

Mionzi ya jua iitwayo urujuanimno huharibu DNA ya seli. Protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, huizuia seli iliyoharibika isigawanyike mpaka irekebishwe, au huifanya ife. Katika seli yenye afya, p53 huvunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kinyama cha mdomo (kipande kidogo kilichokatwa ili kipimwe) kikipakwa rangi maalumu ya kuitafuta, hadubini haionyeshi mengi. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu haivunjwi. Hurundikana, na viini vya seli huonekana vya kahawia iliyokolea.

Nyingine ni Ki-67, ambayo hupatikana kwenye seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika tu. Kwenye mdomo wenye afya seli hizo hukaa tabaka za chini. Zikitapakaa hadi juu, ujue ukuaji umevurugika. Kuna pia E-kadherini, inayozishikanisha seli. Ikipungua, seli huachana, na ni rahisi zaidi kupenya ndani.

Kwa hiyo p53 ikionekana, nina saratani?

Hapana, na hili naomba lieleweke vizuri, maana watu huogopa bure wakisoma majibu ya maabara peke yao. Hata ngozi inayoonekana salama, ikiwa imepigwa na jua miaka mingi, inaweza kuwa na p53 iliyorundikana. Tena kuna uharibifu wa jeni unaoifanya protini isitengenezwe kabisa, hivyo kutoonekana kwake si kinga. Mtaalamu wa patholojia bado huamua kwa kutazama umbo la seli, na kama zimevuka utando ulio chini yake. Zikiuvuka, hiyo ni saratani.

Kinyama huchukuliwaje?

Kwa ganzi, hukatwa kipande kidogo pale panapotia shaka zaidi, hasa penye kidonda au pagumu ukipapasa.

Nisubiri hadi lini?

Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 3 kionwe na daktari, hata kama hakiumi. Wanaovuta tumbaku na waliopandikizwa figo wasikawie. Mabadiliko yakikutwa mapema, huweza kutibiwa kwa krimu ya fluorourasili, kugandishwa, leza, au kuondolewa ngozi ya juu ya mdomo.