Nusukaputi kwa mbwa na paka: mimi naogopa saa za kuamka

"Daktari, ataamka kweli?" Hilo ndilo swali la kila mwenye mbwa au paka anayesubiri upasuaji. Ni swali zuri, maana kumlaza mnyama kwa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, si kazi ngumu sana. Kazi iko kwenye kumwamsha.

Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulikuta kifo kimoja kwa karibu kila mbwa 600 waliolazwa, kimoja kwa kila paka 420, na kwa sungura kimoja kwa kila 72. Karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya nusu ya vifo vya paka, vilitokea upasuaji ukiwa umeshakwisha, vingi ndani ya saa 3 za kwanza. Yaani gesi ya usingizi imefungwa, glavu zimevuliwa, kila mtu ameshashusha pumzi.

Ndiyo maana siondoki karibu na mgonjwa. Mbwa wa pua bapa simtoi mrija wa kooni mpaka aanze kuutafuna mwenyewe, kwa sababu njia yake ya hewa huziba upesi.

Adui mwingine ni baridi. Joto la kawaida la mbwa na paka ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Dawa ya usingizi hutanua mishipa ya ngozini, joto likatoka; hapo bado hujahesabu manyoya yaliyonyolewa na tumbo lililofunguliwa. Mwili uliopoa huchelewa kuisafisha dawa, na paka mdogo hupoa haraka kuliko mbwa mkubwa. Kumfunika baada ya upasuaji ni kuchelewa. Mimi huanza kumpasha joto tangu sindano ya kwanza ya kumtuliza. Sindano hiyo huwa na dawa ya maumivu pia, kwani gesi inalaza tu, haiondoi maumivu.

Kwako wewe: fuata saa za kufunga chakula ulizopewa. Akitapika usingizini, matapishi huingia mapafuni. (Sungura hafungishwi, hawezi kutapika.) Ukimwonea huruma ukampa kipande cha nyama alfajiri, niambie. Sitakugombeza, nitaahirisha tu.

Na akirudi nyumbani akilialia, nipigie simu. Usimpe paka paracetamol hata robo kidonge; ini lake haliwezi kuivunja, nayo humuua.