Mali, rangi na vigogo: yanayoaminiwa na yanayothibitika

Kuwashuku wenye mali na madaraka ni jambo linaloeleweka, kwa sababu historia ya karne mbili zilizopita imejaa sheria, mikataba na maamuzi ya mabenki yaliyowaneemesha wachache na kuwaacha wengi mikono mitupu. Tatizo huanza pale shaka hiyo inapoacha kuuliza nani alitia saini wapi, ikaanza kuuliza mtu ana ngozi ya rangi gani au mababu zake walikuwa wa dini ipi. Hapo kigogo mwenyewe hupata upenyo wa kuondoka bila kuguswa. Dhana zinazojadiliwa hapa husikika kwa watu wa kila rangi na kila kipato, na baadhi yake zina chembe ya ukweli ndani, jambo linalozifanya ziwe ngumu kung'oa.

"Weusi wa Marekani hawana mali kwa sababu hawana desturi ya kuweka akiba."

Mwezi Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha benki ya akiba kwa ajili ya watu waliokuwa wakitoka utumwani, benki iliyokuja kujulikana kama Freedman's Bank. Waliitikia kwa wingi. Wafua nguo, vibarua wa mashambani, askari waliomaliza utumishi, makanisa na vyama vya kuzikana walipeleka huko senti walizozipata kwa jasho, na hadi benki ilipofungwa ilikuwa na wateja wapatao 61,000. Vitabu vya akiba walivyopewa vilikuwa na picha ya Abraham Lincoln, na wengi waliamini kwamba serikali ndiyo mdhamini wa fedha zao. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Mwanzoni sheria iliitaka benki hiyo iweke sehemu kubwa ya amana katika dhamana za serikali. Mwaka 1870 sharti hilo lililegezwa, na kamati ya fedha iliyoongozwa na Henry Cooke, ambaye kaka yake Jay Cooke alikuwa mfadhili mashuhuri wa ujenzi wa reli, ikawa inakopesha fedha za wateja kwa marafiki na kwa kampuni ambazo wajumbe wenyewe walikuwa na maslahi nazo. Kampuni ya Jay Cooke ilipoanguka mwaka 1873 na kuzua msukosuko wa fedha, benki ilikuwa imekwisha kuoza ndani kwa ndani. Machi 1874 urais wa benki ukakabidhiwa kwa Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na ambaye wakati huo hapakuwa na Mmarekani mweusi mwenye jina kubwa kumshinda. Aliikopesha benki dola 10,000 za kwake kabla hajatambua kwamba amekabidhiwa maiti. Juni mwaka huohuo ikafungwa, ikiwa inadaiwa na wateja wake karibu dola milioni 3. Baadhi yao walilipwa sehemu ya fedha zao baada ya miaka ya kusubiri, na wengine hawakuambulia kitu. Anayesema kwamba watu hawa hawakujua kuweka akiba anapaswa kwanza kueleza akiba hii ilikwenda wapi.

Karne ya 20 ilileta njia nyingine, iliyovaa sura ya utaalamu. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali lililoitwa Home Owners' Loan Corporation lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuigawa mitaa katika madaraja manne: kijani, buluu, njano na nyekundu. Nyekundu ilimaanisha kwamba mkopo hapo ni hatari, na mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mahali, hata pale ambapo wakazi wake walikuwa na ajira za kudumu na nyumba zinazotunzwa vizuri. Idara ya shirikisho ya nyumba, iliyoundwa mwaka 1934, ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya namna hiyo, na ikapendekeza kwamba hati za viwanja katika mitaa ya weupe ziwe na sharti la kutowauzia watu wa rangi nyingine. Ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya shirikisho hadi mwaka 1968. Kwa familia ya kipato cha kati nchini Marekani, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote: ndiyo inayowekwa rehani ili mtoto asome, ndiyo inayouzwa uzeeni, ndiyo inayorithiwa. Watu wawili wanaweza leo kulipwa mshahara sawa katika ofisi moja, mmoja akiwa amerithi nyumba iliyonunuliwa na babu yake mwaka 1950 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, na mwingine akiwa mjukuu wa mtu aliyenyimwa mkopo huohuo mwaka huohuo.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022. Ukizipanga familia za weupe kuanzia maskini hadi tajiri na kuichukua ile iliyo katikati kabisa, mali yake ilikuwa dola 285,000. Kwa familia za weusi, ya katikati ilikuwa na dola 44,900 hivi. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara sita.

"Kwa hiyo kila mweupe ni sehemu ya tabaka la juu."

Takwimu hizohizo zinakataa. Ukijumlisha mali yote ya familia za weupe na kuigawa sawa kwa sawa, kila moja ingepata zaidi ya dola milioni 1.3, ilhali familia ya katikati ina 285,000 tu. Pengo hilo kati ya wastani na katikati linaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mali imerundikwa kwa walio juu kabisa, na kwamba mamilioni ya weupe hawana usemi wowote katika maamuzi ya mabenki wala ya bunge. Kuwa na nafuu kuliko jirani mweusi ni jambo moja, na kushika hatamu za uchumi ni jambo jingine.

"Wasioziamini taasisi ni watu wasiosoma, au waliojazwa uvumi."

Dhana hii hupendwa sana na wasomi, na pengine ndiyo inayoleta madhara makubwa zaidi, maana humfanya mwenye madaraka ajione hana deni la kulipa. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani ilikuwa ikiwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ugonjwa wao ni upi, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida mwishoni mwa miaka ya 1940, waliachwa bila kutibiwa ili madaktari waone mwisho wa ugonjwa. Utafiti huo haukusimamishwa ila baada ya habari zake kufika magazetini, na rais wa nchi hakuomba radhi rasmi hadi mwaka 1997. Mjukuu wa mmoja wa wanaume hao akimtilia shaka daktari wa serikali, hahitaji kuwa amedanganywa na yeyote.

Ndivyo ilivyo pia katika fedha. Baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Septemba 2008, Bunge la Marekani liliidhinisha hadi dola bilioni 700 za kuokoa sekta ya fedha, huku mamilioni ya familia zikipokonywa nyumba. Desemba 2011, kampuni ya mikopo ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na wizara ya sheria, ambayo ilidai kwamba zaidi ya wakopaji 200,000 weusi na wenye asili ya Amerika ya Latini walitozwa ada na riba kubwa kuliko weupe wenye sifa zilezile za mkopo. Baadhi yao walistahili mkopo wa kawaida lakini wakaelekezwa kwenye ule wa riba ya juu.

Hata hivyo, kuwa na sababu ya kushuku hakumfanyi mtu awe sahihi katika kila anachokishuku. Unyama wa Tuskegee ulikuwa wa kuwanyima watu dawa iliyokuwa ikifanya kazi. Anayeutumia kama ushahidi kwamba dawa zenyewe ni sumu ameigeuza kesi juu chini.

"Fedha za dunia ziko mikononi mwa kabila moja linaloendesha mambo kwa siri."

Kwa zaidi ya miaka mia moja, dhana hii imeelekezwa hasa kwa Wayahudi, na chanzo chake kikuu cha kisasa ni waraka wa kughushi unaojulikana kama Protokali za Wazee wa Sayuni, uliochapishwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London liliweka wazi kwamba sehemu kubwa ya waraka huo ilinakiliwa kutoka katika maandishi ya kejeli ya Kifaransa ya mwaka 1864, yaliyomlenga mfalme Napoleon III na ambayo hayakuwahusu Wayahudi hata kidogo. Aliyeyaweka maandishi hayo sambamba angeweza kuona aya zikifuatana kwa mpangilio uleule. Uthibitisho huo haukuuzima uongo. Miongoni mwa waliousambaza kwa bidii nchini Marekani kuanzia mwaka 1920 alikuwa Henry Ford, mwenye viwanda vya magari na mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake, kupitia gazeti alilolimiliki mwenyewe. Wasomaji wake waliambiwa wawaogope wenye nguvu waliojificha, na aliyewaambia hivyo alikuwa na nguvu za kiuchumi ambazo hazikuhitaji kujificha popote. Aliomba radhi mwaka 1927, wakati madhara yalikwisha kuenea.

Siri katika fedha ipo, na kukana hilo ni kujidanganya. Nyaraka milioni 11.5 za kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca, zilizovuja na kuanza kuchapishwa Aprili 2016 kwa jina la Panama Papers, zilionyesha jinsi kampuni za kwenye karatasi zinavyotumika kuficha wamiliki halisi wa mali. Waliotajwa humo walikuwa wa mabara yote na dini zote. Waziri mkuu wa Iceland alijiuzulu katika muda wa siku chache, na waziri mkuu wa Pakistani aliondolewa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka uliofuata baada ya uchunguzi uliochochewa na nyaraka hizo. Kilichowaunganisha ni uwezo wa kumlipa wakili pamoja na sheria za nchi zinazoruhusu usiri. Ukoo haukuwa na nafasi hapo.

"Wafanyabiashara wa asili ya kigeni wakifukuzwa, mali itawarudia wananchi."

Agosti 1972, Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 za kuondoka Uganda. Manung'uniko aliyoyatumia yalikuwa na mizizi ya kweli. Mfumo wa kikoloni uliwapa Wahindi nafasi katika biashara ya kati na katika uchambuaji wa pamba, huku mkulima Mwafrika akiuza mazao yake kwa bei iliyopangwa na wengine, na mwaka 1959 wananchi wa Buganda walikuwa tayari wamesusia maduka ya Waasia. Lakini aliyeupanga mfumo huo alikuwa mkoloni, na waliofukuzwa walikuwa pamoja na mafundi, makarani na walimu ambao hawakumiliki kiwanda chochote. Maduka na nyumba viligawiwa kwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala, tabaka jipya la neema ya ghafla ambalo Waganda walilibatiza mafuta mingi. Viwanda vilidorora, sukari ikaadimika katika nchi iliyokuwa na mashamba makubwa ya miwa, na magendo yakashamiri. Mkulima wa pamba hakupata bei bora kwa sababu tu mnunuzi sasa alivaa sare.

"Anayewapinga vigogo wa rangi nyingine yuko upande wetu."

Afrika Kusini inatoa mfano mgumu, kwa sababu huko lawama ya kirangi ina msingi mzito. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi, kiwango kilichopandishwa hadi takribani asilimia 13 mwaka 1936. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, katika ardhi ya kilimo inayomilikiwa na watu binafsi, weupe bado walishika asilimia 72. Anayesema kwamba mtaji wa nchi hiyo umeelemea upande mmoja hasemi uongo.

Ukweli huohuo ulikodishwa. Kampuni ya mahusiano ya umma ya Bell Pottinger ya London, kwa malipo ya pauni 100,000 kwa mwezi, iliifanyia kazi kampuni ya Oakbay ya familia ya Gupta, wafanyabiashara wenye asili ya India, iliyokuwa ikituhumiwa kujitajirisha kupitia ukaribu wake na Rais Jacob Zuma. Kampeni iliyotokana na kazi hiyo ilivumisha kauli za kuushambulia mtaji wa ukiritimba wa weupe, zikaenezwa katika hotuba na mitandao ya kijamii wakati ambapo maswali kuhusu zabuni za mashirika ya umma yalikuwa yakizidi. Mwanahabari aliyeuliza kuhusu mkataba aliweza kuitwa wakala wa wazungu. Septemba 2017, chama cha kampuni za mahusiano ya umma cha Uingereza kiliifukuza Bell Pottinger uanachama kwa kuchochea uhasama wa rangi, na mwezi huohuo ikaporomoka.

Tume ya Jaji Raymond Zondo ya kuchunguza ufisadi serikalini na katika mashirika ya umma, iliyoanza kusikiliza ushahidi mwaka 2018 na kutoa ripoti zake mwaka 2022, haikushughulika na kaulimbiu. Ilipitia mikataba ya makaa ya mawe ya shirika la umeme la Eskom, ununuzi wa vichwa vya treni wa shirika la reli na bandari la Transnet na malipo ya washauri, ukurasa kwa ukurasa, ikitaja nani aliidhinisha na nani alilipwa. Katika orodha yake wamo mawaziri weusi, wafanyabiashara wenye asili ya India na kampuni za kimataifa za ushauri na uhasibu zenye makao makuu Ulaya na Marekani.