Sauti ya saba ambayo kinanda hakina

Wiki iliyopita nilikuwa studio hapa Dodoma mjini na mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino, mpiga ilimba, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kijana wa biti alishaweka kinanda, akataka ilimba ipite juu yake. Ikagoma. "Kaka, ala ya mzee haijakaa sawa," akaniambia, "tuinyooshe kwa programu." Nikamzuia.

Ilimba imekaa sawa kabisa. Chukua waya unaotetemeka mara 100 kwa sekunde: ndani yake zimo pia sauti nyembamba za 200, 300, 400, na kuendelea. Kwenye ndono, ule upinde wenye kibuyu, utazisikia zikijitokeza moja moja, na nyimbo za Wagogo zimejengwa juu ya sauti hizo, nayo ilimba hufuata hizohizo. Ya saba ni 700. Ukikilinganisha kinanda na waya huohuo, noti yake ya jirani inaangukia kama 713. Sikio la mzee linaipokea 713 kama ulimi unavyopokea mboga iliyozidi chumvi.

Mdundo husafiri bila shida. Muheme wa akina mama, ngoma imebanwa mapajani, unaweza kuukatakata ukauweka kwenye biti yoyote na bado Mgogo akautambua. Mlio ndio unaopotea njiani, tena kimyakimya, maana anayeunyoosha huamini anarekebisha kosa.

Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa huku aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba na zeze hadi Uingereza. Albamu yake Chibite ilitoka 1996 kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikaja albamu ya Assembly, pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Muziki ulibadilika sana kati ya kazi hizo mbili, na mimi sioni ubaya, kwa sababu mwenye mlio alikuwemo chumbani.

Basi na sisi tukaigeuza kazi: kinanda ndicho kiifuate ilimba. Programu nyingi huruhusu kila noti ishushwe peke yake. Ile iliyokuwa ikigombana na sauti ya saba tuliishusha senti 31 (senti 100 ni nusu toni), yaani karibu theluthi ya nusu toni, na iliyo jirani ya sauti ya tano tukaishusha 14. Mzee akapiga mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu akaanza kuimba.